Jani Lilipovuka Sifuri

Mwamvua Nassoro alikuja Songea kuolewa, na kama kuna jambo ambalo hakulitarajia maishani ni kupanda mti. Kwao ni Mbesa, huko Tunduru, ambako korosho huokotwa chini zikishadondoka, na mtoto anayeparamia matawi hupigiwa kelele ashuke. Kaka yake hakuwahi kusikia kelele hizo kwa wakati. Tawi lilikatika naye, akavunjika paja, na Mwamvua alikuwa palepale chini akitazama. Tangu siku ile hakupenda kitu chochote kilichomtoa ardhini. Hata balbu ya chumbani ikiungua, alisubiri mumewe arudi.

Mumewe ni Saleh, fundi wa mabasi pale stendi, mtu wa maneno machache na mikono isiyotakata grisi. Walipata binti mmoja, Shakila. Mwamvua alikuwa na cheti cha kilimo, lakini kazi aliyoipata mjini ilikuwa ya kuuza duka la pembejeo: mbolea, mbegu, dawa za wadudu. Wateja walimpenda kwa tabia yake moja. Kabla ya kumpimia mtu yeyote, aliondoa kila kitu juu ya mizani, akafuta sahani kwa kitambaa, akasubiri namba zitulie kwenye sifuri. Mkulima akiwa na haraka alimwambia, "Dada, weka tu, tunaaminiana." Naye alijibu, "Mimi nakuamini. Mizani ndiyo nisiyoiamini."

Siku moja aliingia dukani kijana mrefu aliyevaa viatu vya matope, akataka chokaa na ndoo yenye mfuniko. Akasimama akimtazama Mwamvua anavyohangaika na sifuri ya mizani, foleni ikiwa imefika mlangoni. Alipolipa hakuondoka. Alisubiri foleni iishe.

"Naitwa Clinton," alisema. "Niko na utafiti wa miti kule milima ya Matogoro. Natafuta mtu wa kushika kipimo. Nimepata wengi wanaojua kubonyeza. Hakuna hata mmoja anayejua kusubiri."

Hivyo ndivyo Mwamvua alivyotoka dukani na kuingia msituni.

Kipimo chenyewe kilikaa ndani ya sanduku gumu lenye sponji, ukubwa wa begi la mwanafunzi. Kilikuwa na kioo cha kusomea namba, pampu ndogo iliyovuma kama nyuki ndani ya chupa, na bomba refu jembamba lililoishia kwenye kibanio. Kibanio hicho kilifunguka kama mdomo wa kinda la ndege. Unaliweka jani katikati, hulichumi, linabaki kwenye tawi lake. Unafunga taratibu, na sponji laini zinalizunguka pande zote. Kisha mashine inapitisha hewa juu ya jani na kupima kilichobadilika: jani limechukua kiasi gani cha hewa ukaa, ile tunayoitoa sisi tukipumua, na limetoa mvuke kiasi gani wa maji.

Clinton alimfundisha kwa uvumilivu, nje ya ofisi yao ndogo, chini ya mpera. Alikuwa mtu aliyeijua kazi yake na kuipenda, na hakuona tabu kurudia.

"Kabla ya jani lolote, tunaihakiki," alisema. Akamwonyesha mirija miwili ya plastiki. Mmoja ulijaa chengachenga nyeupe, ambazo hunasa hewa ukaa yote inayopita. Mwingine ulijaa chengachenga za buluu, ambazo hunyonya unyevu. "Hewa ikipita humu inatoka haina kitu. Ndipo unaiambia mashine: hii ndiyo sifuri. Halafu unaipa hewa ya mtungi huu mdogo, ambayo kiwango chake tunakijua, uone kama itasema kweli. Ikisema kweli chini na juu, hapo katikati utaiamini."

"Na za buluu zikibadilika rangi?"

"Zikiwa za waridi zimeshiba maji. Unabadilisha. Ukizembea, mashine itakudanganya, na itakudanganya kwa sauti ya upole kabisa. Haitakwambia kwamba inakosea."

Mwamvua alielewa jambo hilo mara moja. Lililomchukua muda ni namba zenyewe. Kwenye kioo, namba ya juu ya sifuri ilimaanisha jani linachukua hewa ukaa, linajitengenezea chakula. Namba ya chini ya sifuri ilimaanisha jani linaitoa, kama sisi.

"Jani nalo hupumua kama sisi?"

"Gizani, ndiyo. Usiku kucha. Mchana pia linapumua, ila mwanga ukiwepo linachukua zaidi ya linavyotoa."

Alilisikia hilo kama mtu anavyosikia habari ya nchi ya mbali. Alikubali, akaendelea na kazi.

Kule msituni kulikuwa na mlinzi, Mzee Tadei, Mngoni wa rika la baba yake, aliyetembea na chupa ya chai iliyojaa uji kwapani na kutomwamini mtu yeyote aliyeleta waya. Wiki za kwanza alikuwa anasimama nyuma ya Mwamvua kila alipobana jani, akiinama juu ya bega lake, akiguna kwa Kingoni. Na kila aliposimama hapo, namba zilirukaruka kama mahindi kwenye kikaango. Mwamvua alibadilisha chengachenga. Alifuta sponji. Aliirudisha mashine kwenye sifuri mara tatu nne, ikatulia vizuri, akabana jani, namba zikaanza tena vurugu.

"Imekufa," alisema Mzee Tadei, karibu kwa furaha. "Niliwaambia. Msitu huu haupendi kupimwa."

Mwamvua alitazama bomba la kuingizia hewa. Mdomo wake ulikuwa umening'inia karibu na kifua cha mzee. Akamwomba, "Babu, samahani, naomba urudi nyuma kidogo. Bado kidogo. Hapo hapo." Namba zikatulia. "Sasa njoo tena, upumue kama kawaida." Mzee akaja, akapumua, na namba zikapaa.

"Ni wewe, babu. Inakuona."

Mzee Tadei akaishusha chupa yake ya uji chini. "Inaniona mimi?"

"Pumzi yako. Inaingia kwenye bomba."

Mzee akapumua tena, makusudi, polepole, akiangalia kioo. Namba zikapanda kwa pumzi yake na kushuka zilipokwisha. Alifanya hivyo mara kadhaa, mtu mzima aliyekwisha kuzika ndugu na marafiki, akitazama pumzi yake mwenyewe ikitokea kwenye kioo na kutoweka.

"Na hii pumzi ikitoka kwangu inakwenda wapi?" aliuliza.

"Nyingine inachukuliwa na majani haya haya."

Mzee akayatazama majani yaliyomzunguka. Tangu siku hiyo hakusimama tena nyuma ya Mwamvua. Alikaa upande ambao upepo ulivuma kutoka kwenye mashine kwenda kwake, na aliwafukuza wapita njia wasisogee.

Ilipofika Juni, baridi ya Songea ikiwa imeshika na ukungu unalala juu ya Matogoro kila asubuhi, kazi ilifika mahali pagumu. Walikuwa wamepima majani ya chini, yale yanayofikiwa kwa mkono. Clinton alihitaji ya juu kabisa, yanayopata jua la kwanza, na aliyahitaji kuanzia kabla ya mapambazuko. Kwenye mti mmoja mrefu ukingoni mwa msitu walikuwa wamejenga jukwaa la mbao, na ngazi iliyofungwa kwenye shina kwenda mpaka huko. Aliyekuwa akipanda ni Leo, kijana mwenye mazoea ya kurina asali. Lakini Leo alilazwa na malaria kali, na mashine ilikuwa irudishwe chuoni mwisho wa juma. Baada ya hapo miti ingeanza kupukutisha majani, na kusubiri kungekuwa mpaka mwaka mwingine.

Clinton alijaribu kupanda mwenyewe. Alikuwa ameteguka bega juma lililotangulia, akisukuma gari lililokwama, na mkono wake haukuweza kumvuta hata ngazi za mwanzo. Alishuka akiwa amekunja uso.

"Basi," alisema. "Tutaandika kwamba ya juu hatukuyapata."

Jioni ile Mwamvua alimsimulia Saleh, wakila, na Shakila akiwa ameshalala.

"Kwa hiyo hakuna mtu," Saleh alisema.

"Nipo mimi."

Saleh aliacha kutafuna. "Mama Shakila, wewe? Wewe ambaye stuli ya jikoni inakupa kizunguzungu?"

"Sijasema nitapanda. Nasema nipo."

Saleh alinawa mikono, akaenda nje, akarudi na mkanda mpana wa kufungia injini, akaanza kuukagua mshono kwa mshono chini ya taa. Hakumwambia panda wala usipande. Alipomaliza aliukunja na kuuweka juu ya begi lake.

Asubuhi kabla giza halijafifia, Mwamvua aliswali alfajiri chini ya mti ule, juu ya kanga aliyoitandika kwenye majani makavu. Mzee Tadei alisimama pembeni amevua kofia. Clinton alikagua mkanda wa kupandia wa Leo na mkanda wa Saleh, akamfunga yote miwili. Mashine ilipandishwa kwa kamba, ndani ya sanduku lake, kabla yake.

"Usiangalie chini," Clinton alimwambia.

"Kuna giza. Chini iko wapi?"

Alipanda. Magoti yalitetemeka mpaka ngazi ikawa inagongagonga shina. Katikati alisimama, akakumbatia mti, shavu limegusa gome lenye baridi, na alikaa hivyo muda ambao hakuweza kuukadiria. Alimfikiria kaka yake. Alisikia tena mlio wa lile tawi. Kutoka chini Mzee Tadei aliita, sauti yake imeshuka kama anaongea na mtoto mchanga, "Pumua, binti. Pumua tu. Hapo ulipo hakuna kipimo cha kukuona." Mwamvua akacheka bila kutaka, na kicheko kilimfungua vidole. Akashika ngazi iliyofuata.

Juu ya jukwaa alikaa, akajifunga kwenye shina, akafungua sanduku. Ukungu ulikuwa umemzunguka kama maziwa. Hakuona tawi lililokuwa mbali naye. Aliiwasha mashine na kuiacha ipate joto, ameikumbatia ndani ya koti kama anavyobebwa kifaranga, maana baridi huibadilisha tabia. Pampu ikaanza kuvuma kifuani mwake.

Aliipeleka kwenye sifuri. Ikafika, ikakaa kidogo, ikaondoka. Akairudisha. Ikaondoka tena.

"Vipi huko?" Clinton aliita.

"Sifuri haikai!"

"Angalia rangi!"

Chengachenga za buluu zilikuwa zimegeuka waridi zote, ukungu umezishibisha. Alikuwa nazo nyingine kwenye chupa mfukoni. Alizibadilisha kwa vidole vilivyokufa ganzi, akiwa ameung'ata mfuniko wa mrija kwa meno usije ukaanguka. Akarudia. Sifuri ikakaa kwa muda mrefu zaidi, kisha ikaanza kuteleza, kidogo sana, kwa upole kabisa.

Mtu mwingine angeikubali. Utelezi ule ulikuwa mdogo, mwanga ulikuwa umeanza kuingia kwenye ukungu, na kila dakika ilikuwa inapotea. Lakini alijua alichokuja kukitafuta asubuhi ile kiko jirani kabisa na sifuri, na kama sifuri yenyewe inatembea, hatajua kamwe kama jani linatoa au linachukua. Alifunga kibanio kikiwa kitupu, akapumua polepole kuzunguka ukingo wake. Upande mmoja namba ziliruka. Hewa ilikuwa inapenya.

Alikifungua, akakisogeza karibu na macho. Juu ya sponji, amebanwa, alikuwepo sisimizi mmoja mwekundu, bado anachezesha miguu. Mwamvua alimtoa kwa ncha ya mtandio na kumweka juu ya gome. Akafunga, akapumua tena pande zote. Namba hazikuruka. Akaipeleka mashine kwenye sifuri, na safari hii ilikaa. Akaipa hewa ya mtungi, ikasema kiwango sawasawa. Akarudi kwenye sifuri. Imekaa.

Ndipo alipolivuta tawi la karibu, akachagua jani lililo zima, akalipangusa umande kwa upole, akalibana. Akageuza uso upande wa pili na kuvuta mtandio juu ya pua, pumzi yake isilifikie.

Namba ilikuwa chini ya sifuri. Jani lilikuwa linapumua.

Alikaa nalo hivyo, wawili kwenye ukungu, wote wanatoa. Kutoka mjini kulikuja mlio wa pikipiki, halafu jogoo, halafu wengi. Mwanga uliongezeka bila jua kuonekana, na ukungu ukawa mweupe zaidi kisha ukaanza kupasuka vipande. Namba ikaanza kupanda. Ilipanda kama mtu anayeamka bila kutaka: inapiga hatua, inatulia, inarudi kidogo, inapiga nyingine. Bado ilikuwa chini ya sifuri. Mwamvua hakusogea. Alijua sasa kwamba sifuri ile ni ya kweli, ameihangaikia kwa mikono yake, na kwamba namba ikiifikia, basi imeifikia kweli.

Ikaifikia. Kwa muda mfupi jani lilikuwa halitoi wala halichukui, kama pumzi iliyosimama. Kisha jua likakata ukingo wa mlima, miale ikaligusa lile jani ndani ya kibanio, likang'aa kijani mpaka mishipa yake ikaonekana, na namba ikavuka. Ikapanda, ikapanda, haikurudi tena. Jani lilikuwa limeanza kula mwanga.

"Subhanallah," Mwamvua alisema ndani ya mtandio.

Akainua macho. Ukungu ulikuwa umeteremka mabondeni, na msitu wote ulikuwa wazi mbele yake, majani juu ya majani mpaka mwisho wa macho, yote yamelowa, yote yanashika jua lile lile. Alikuwa ameliona moja tu likivuka. Akaelewa kwamba yote yanavuka. Kila jani kwenye mlima ule, na miti ya mjini kwenye nyua za watu, na mihogo, na migomba, na mikorosho ya kwao ambako jua lilikuwa limetangulia kufika, yote, mstari mmoja mkubwa unapita juu ya nchi pamoja na mwanga, bila sauti, na watu wako ndani wanatafuta viatu. Ilikuwa hivi jana. Ilikuwa hivi siku aliyozaliwa. Moyo ulimdunda, na haukuwa ule mdundo wa kuogopa urefu. Alitazama chini kwa mara ya kwanza, akawaona Clinton na Mzee Tadei wadogo kama vidole, nyuso zao zimeelekezwa juu, na hakuhisi kizunguzungu.

"Dada Mwamvua!" Clinton aliita. "Unapata kitu?"

"Napata!" aliita. "Napata!"

Alikaa huko mpaka jua likawa kali. Alibana jani baada ya jani, na kila baada ya muda aliirudia sifuri kuihakiki. Aliposhuka alikaa chini kwenye majani makavu. Mzee Tadei alimmiminia uji kwenye mfuniko wa chupa, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu wa mashine. Clinton alipitia namba zilizohifadhiwa, akarudi mwanzo, akapitia tena.

"Uhakiki uliufanya huko juu? Wote?"

"Wote. Za buluu zilishiba, nikabadilisha. Na kulikuwa na sisimizi."

"Sisimizi?"

"Kwenye sponji. Alikuwa anaingiza hewa."

Clinton alimtazama, kisha akatazama juu. "Hizi ni safi," alisema. "Safi kabisa."

Alipanda tena asubuhi mbili zilizofuata, magoti yakitetemeka kila mara mpaka afike jukwaani, kisha yakiacha. Mashine ilirudishwa chuoni kama ilivyopangwa. Nyumbani alijaribu kumweleza Saleh, akaishia kumpeleka uani asubuhi na kumsimamisha mbele ya mti wa mparachichi jua linapotoka. "Sasa hivi," alimwambia. "Sasa hivi hapa limevuka." Saleh aliona mparachichi. Lakini alimwona na mkewe pia, na baadaye alisema kwamba alisadiki.

Mwaka uliofuata mashine ilirudi, pamoja na wanafunzi, na Mwamvua ndiye aliyewafundisha. Walilalamika kwamba anawakalisha na mirija siku nzima kabla hajawaruhusu kugusa jani. Bega la Clinton lilikuwa limepona, na asubuhi moja ya ukungu alisema leo atapanda mwenyewe. Tangu utafiti uanze hakuwahi kulishuhudia jani likivuka kwa macho yake, alikuwa anasoma namba tu. Mwamvua alimkagua mikanda, akamkumbusha sponji, akabaki chini na Mzee Tadei, sanduku tupu miguuni pao.

Jua lilitoka. Mwamvua aliita mara moja, hakujibiwa, akaacha. Muda ukapita mpaka ukungu wote ukayeyuka, ndipo viatu vya Clinton vilipoonekana kwenye ngazi, vinashuka polepole. Alifika chini, akasimama, mashine mgongoni, macho yamelowa na haikujulikana kama ni umande.

"Vipi, umeipata?" Mwamvua aliuliza.

Clinton aliishusha mashine mgongoni. Akakitazama kioo, kisha akamtazama yeye.

"Nimesahau kuhifadhi," alisema.

Mzee Tadei alianza kucheka kwanza.